Siku Nyasi Zilipoinuliwa Kitengela

Ninyi mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie namna ya kuendesha kikao cha wananchi, eti nisiende nyumbani na ujuzi wangu kama mchawi na mikoba yake. Nitaandika. Lakini mkifika mwisho mkaona heri mngefungua kibanda cha mitumba, msiseme sikuwaambia mapema. Mambo ya vyeo na barua za pongezi nayaacha, pamoja na ile saa ya ukutani niliyopewa siku ya kuagwa. Saa yenyewe ilisimama kabla sijafika nayo nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Kitengela. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja kuuza maharagwe, siku ambazo mji huu ulikuwa barabara ya Namanga, maduka machache na vumbi. Kimaasai nilikiokota sokoni, nikiwa nimekaa juu ya gunia, na mpaka leo nakiongea kama mtu anayeuza kitu. Nilipoajiriwa katika ofisi ya mji, idara ya maendeleo ya jamii, nadhani hicho Kimaasai ndicho kilichonipa kazi. Cheti changu hakikuwa cha kumtisha mtu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kipaza sauti cha mkononi, nikapandishwa nyuma ya pikapu, nikaambiwa nitangaze kikao cha kuhamisha machinjio. Nilitangaza mpaka sauti ikakauka. Siku ya kikao viti vilijaa, wengine wakasimama, nami nikajiona nimezaliwa kwa kazi hii. Mkubwa wangu, Bi. Mumbua, mama wa Kikamba aliyekuwa na miwani mizito na maneno machache, alikaa nyuma kabisa. Kikao kilipokwisha aliniita.

"Tabitha, ng'ombe wanaochinjwa hapa hutoka kwa nani?"

"Kwa wafugaji, madam."

"Umemwona mfugaji hata mmoja leo?"

Nilitazama viti. Kulikuwa na wachinjaji, wachuuzi wa matumbo na vijana wa kubeba mizigo. Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, na wenye ng'ombe wote walikuwa mnadani. Nilikuwa nimewaita siku ambayo walikuwa na kazi ya maana zaidi kuliko kunisikiliza mimi. Bi. Mumbua hakunifokea. Alisema tu kikao kirudiwe, na nikazunguke tena na kipaza sauti changu.

Mengi ninayoyajua alinifundisha yeye. Alisema viti visipangwe kama vya kanisani, maana watu wakitazama visogo vya wenzao wanageuka kuwa watoto wa shule. Alisema msemaji wa kwanza na wa pili huwa wanasalimia tu, hata wakiongea kwa hasira. Msikilize wa tatu. Alisema akina mama wakikaa chini kwenye kivuli mbali na hema, usiwaite waje mbele, wewe nenda ukakae nao, na usivae viatu vya kukuzuia kukaa chini. Zaidi ya yote alinikataza kuuliza, "Mnakubali?" Watu wetu wana adabu, alisema. Mgeni akiuliza kama chai ni tamu, nani atasema hapana? Uliza hivi: "Tukifanya jambo hili, kesho ukiamka utafanya nini?" Hapo ndipo utasikia ukweli.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikuwa kibaya. Kulikuwa na kile kisa cha machimbo ya mawe. Watu walikuwa wanalipua miamba bila kuwaambia majirani, kuta zinapasuka, watoto wanaruka kitandani. Tulikaa nao vikao vingi, wenye machimbo upande huu, wenye nyumba upande ule, nami katikati nikimeza vumbi la pande zote. Mwishowe walikubaliana kitu kidogo tu: kabla ya kulipua, bendera nyekundu ipandishwe na mtu apulize firimbi. Basi. Bendera ilipandishwa. Firimbi ilipulizwa. Siku ya kwanza nilipoisikia nikiwa sokoni niliacha nyanya zangu juu ya meza nikalia kama mjinga. Nilifikiri kazi yetu ndiyo hiyo: mtu anasema, na kesho kitu kinabadilika.

Bi. Mumbua alistaafu akarudi kwao Machakos, na taratibu kazi ikabadilika umbo. Hema zikawa kubwa. Yakaja mabango ya plastiki yenye picha za viongozi, maji ya chupa, projekta, na mshereheshaji wa kuchekesha watu. Vikao vikaanza kuitwa kwa sababu sheria inataka viitwe. Ukiuliza, "Tukisikia wananchi wanakataa tutafanya nini?" wenzako wanakutazama kama umeuliza harusini bwana harusi akikataa itakuwaje. Kikao kikawa kama muhuri. Muhuri hauulizwi maoni.

Ndipo likaja jambo la jiji.

Mlikuwepo wengine wenu, mnakumbuka zile fulana za kampeni. Mji wetu upandishwe hadhi uwe jiji. Sikupinga, na sasa pia sipingi. Kitengela imejaa watu, taka zinatushinda, maji ya mfereji ni kitendawili, na kama neno jiji lingeleta mtaro mmoja usioziba ningelipigia makofi mimi mwenyewe. Wenye ploti walifurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini jiji lazima liwe na mpaka, na mpaka ulichorwa na watu waliokaa mezani. Ulipanda kutoka barabarani ukameza malisho ya upande wa mashariki, na ndani ya malisho hayo ukameza njia ya ng'ombe ya Koko Nasieku.

Koko ni nyanya, yaani bibi, kwa Kimaasai, na kila mtu humwita hivyo, hata wazee wenzake. Ni mjane, mwembamba, na anapenda mzaha. Nilimfahamu tangu nikiwa msichana wa sokoni, akija kuuza maziwa kwenye kibuyu na kubishana na mama yangu kuhusu bei mpaka wote wawili wacheke. Boma lake liko juu kidogo ya mji. Zamani ardhi ile ilikuwa ya jamii nzima, na ilipogawanywa kila familia ikapata hati yake, wazee walikubaliana kuacha njia kati ya mashamba ili mifugo ishuke bwawani kunywa. Waliikubali kwa mdomo mbele ya watu wote. Hakuna aliyeipima, kwa sababu hakuna aliyefikiri siku moja mtu atahitaji kuonyeshwa njia inayoonekana kwa macho. Bila njia ile, bwawa ni kitu cha kutazama tu.

Katika kikao cha kwanza, ndani ya ukumbi, ramani iliwekwa ukutani kwa projekta. Koko Nasieku alisimama, akasogea karibu, kivuli chake kikafunika nusu ya jiji.

"Niko na swali moja tu," alisema. "Njia yetu iko wapi hapa kwa ukuta?"

Mpimaji, kijana mpole, akamwambia kwamba ramani inaonyesha mashamba yenye hati na barabara zilizosajiliwa.

"Sijauliza hati. Nimeuliza njia. Ng'ombe yangu inakunywa wapi?"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Mshereheshaji akasema swali ni zuri, limechukuliwa, tuendelee. Nikiwasikia tena mkisema swali limechukuliwa, nitatoka kustaafu nije niwachape. Niulizeni huwa linachukuliwa na kupelekwa wapi.

Nililifuata mimi. Nilienda bomani kwake, tukatembea pamoja hadi bwawani, nikaona nyayo za ng'ombe zilivyochimba ardhi hadi ikawa kama mfereji. Nilimuuliza swali la Bi. Mumbua: jiji likija, kesho ukiamka utafanya nini?

"Nitasimama tu hapo mlangoni," akasema. "Nitafanya nini ingine? Hii ng'ombe ni ya bwana yangu na ya watoto yake. Wako na kazi Nairobi, lakini wakikuja nyumbani wanakuja kwa ng'ombe. Ng'ombe ikienda, hawa watoto watakuja kwa nani?"

"Watakuja kwako, Koko."

"Kwangu watakuja Krismasi."

Hakuomba jiji lizuiwe. Aliomba jambo moja: mpaka usogezwe, njia ibaki nje. Niliandika hivyo, nikaeleza, nikachora hata mchoro, nikampelekea mkurugenzi wetu mkononi. Huyo mkurugenzi, ambaye sitamtaja jina, alikuwa mtu wa kwetu, Mmaasai mzaliwa wa upande wa Mashuuru, mwenye suti safi na mkono wa kirafiki begani mwa kila mtu. Alisoma nikiwa nimesimama. Akasema, "Hii ni ya maana sana, Mama Shiro," akiniita kwa jina la binti yangu. Nilitoka ofisini nikiwa na furaha. Nilikuwa mzee wa kutosha kutodanganyika, lakini tumaini halina umri.

Kikao cha mwisho kilifanyika uwanjani. Hema nyeupe, muziki, viongozi wamekaa kwenye viti vyenye vitambaa. Ramani iliyoonyeshwa ilikuwa ile ile. Mpaka haukuwa umesogea hata upana wa kwato. Nilimtafuta mkurugenzi kwa macho, naye akawa na shughuli nyingi na simu yake.

Ilipofika zamu ya wananchi, Koko Nasieku alitoka kwenye kivuli na akina mama wenzake. Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alifungua fundo la shuka lake akatoa nyasi mbichi, amezibeba kutoka nyumbani, maana uwanja ule ni murramu mtupu, kokoto na udongo mwekundu, haungempa hata unyasi mmoja. Aligawa. Kila mama akashika kidogo. Kisha wote wakainua mikono, nyasi juu, wakasimama mbele ya viongozi kimya.

Kwa wale wenu waliokulia kwingine, nieleze. Kwa Wamaasai nyasi ni uhai wa ng'ombe, kwa hiyo ni uhai wa watu. Mtoto akichapwa, akiwahi kung'oa nyasi na kuzishika, anayemchapa anaangusha fimbo. Watu wakipigana, mmoja akishika nyasi, vita vinakoma. Ukiinuliwa nyasi, unasimama, unasikiliza, hata kama una haki na hasira yote ya dunia. Hakuna ombi zito zaidi ya hilo, na mtu halitoi ovyo. Wale mama walikuwa wanasema: tumefika mwisho, tuhurumieni.

Nilimwangalia mkurugenzi. Aliziona. Uso wake ulibadilika, nami naapa kwamba kwa muda mfupi mguu wake ulisogea kama mtu anayetaka kusimama. Vijana wa mjini nyuma ya hema walikuwa wanapiga miluzi kufuata muziki. Wao wamezoea mikutano ya siasa, ambako watu hung'oa matawi na kuyapunga wakishangilia mgombea wao, kwa hiyo wakaona sherehe, wakaitikia kama sherehe. Mpiga picha akakimbia mbele, akapiga magoti, akapiga picha. Mshereheshaji akapaza sauti, "Eeee! Hata akina mama wetu wanasema jiji juu!" Muziki ukaongezwa.

Mkurugenzi akachukua kipaza sauti. Nikajua sasa atasema. Akatazama nyasi, akatazama wageni waliotoka Nairobi, akasema, "Asanteni sana akina mama. Ashe oleng. Tumeona."

Hivyo tu: asante kwa Kiswahili, asante kwa Kimaasai. Koko Nasieku aliendelea kusimama na mkono juu. Viongozi walipoinuka kwenda kula, mwenzake mmoja akamshika kiwiko akaushusha.

Nilimfuata mkurugenzi hadi kwenye gari, mbele ya watu, heshima yote pembeni.

"Umeona zile nyasi?"

"Nimeona."

"Na unajua ni nini."

"Mama Shiro, mimi nimechunga ng'ombe kabla sijavaa kiatu. Usinifundishe nyasi."

"Basi ungesema! Ungesimama tu, useme hawa mama hawashangilii."

Alifunga kifungo cha koti lake polepole. "Hiyo ni mambo ya nyumbani," akasema. "Hapa tuko kazini. Hii kitu imeshaamuliwa huko juu, mimi na wewe tunabeba viti tu." Kisha akaweka mkono wake begani mwangu. Niliutoa.

Nimekutana na watu wengi wasiojua, na hao sikuwahi kuwachukia. Wasiojua hufundishwa, ndiyo kazi. Huyu alijua, na hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika, kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa nimejiambia kwamba shida ni kutosikika. Nilibeba kipaza sauti, nikakaa chini, nikatafsiri, nikiamini kwamba siku sauti itakapofika kwa mtu anayeielewa, mambo yatanyooka. Ilifika. Aliielewa vizuri sana. Akashukuru, akaenda kula.

Ripoti ilipotoka, picha ya Koko Nasieku ilikuwa kwenye jalada, mkono juu, nyasi zinang'aa kwenye jua. Chini yake iliandikwa kwamba wakazi wanashangilia pendekezo la kupata jiji. Ni picha nzuri mno. Ningekuwa sijui, ningefurahi pamoja nao. Niliandika kulalamika, nikajibiwa kwamba maoni yangu yamechukuliwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Muda wangu wa kustaafu ukafika, nikapewa ile saa.

Jiji lenyewe, kama mjuavyo, halijaja. Faili liko Nairobi, au limerudi, au liko njiani, kila ukimuuliza mtu anakupa jibu lake. Ila neno lilishatoka. Bei za ardhi zilipanda kwa neno hilo, majirani wa Koko wakauza, na mnunuzi mmoja akajenga ukuta wa mawe kutoka pembe hadi pembe, ukikata njia ya bwawani katikati. Koko alikwenda kumwomba. Yule bwana, wanasema ni mtu mstaarabu kabisa, alimkaribisha, akampa kiti, akamletea ile ripoti. Akafungua ramani kumwonyesha kwamba hakuna njia. Kisha akafunga, akamwonyesha jalada, akamwachia aondoke nayo.

Koko alinipigia simu nikaenda. Nilipobisha hodi nikamsalimia "Takwenya," akaitikia "Iko" kwa sauti ndogo. Alikuwa ameiweka ripoti juu ya kigoda.

"Huyu ni mimi?" akaniuliza.

"Ni wewe, Koko."

"Anasema nilikuwa nafurahi. Anasema, mama, wewe mwenyewe ulitaka, angalia." Alicheka kidogo, kile kicheko chake cha sokoni, kikamkatikia njiani. "Wewe ulikuwa hapo. Si uende uwaambie?"

Nilikwenda. Nilikwenda ofisi yetu ya zamani, nikaenda idara ya ardhi, nikaenda kwa chifu. Kila mahali walinipa kiti, wakaniita mama, wakaniuliza nakuja kwa niaba ya nani. Nikisema nimestaafu, kalamu inawekwa chini. Mmoja wenu alikuwa zamu siku hiyo, simtaji, alinionea huruma, akaniambia kwa upole kwamba wananchi walishirikishwa na kwamba ushahidi upo. Nilimfundisha mimi kuongea kwa upole vile.

Kwa hiyo hayo ndiyo maarifa yangu. Pangeni viti kwa duara. Ulizieni siku ya mnada. Msikilizeni msemaji wa tatu. Yote nimeyafanya, na nawaambia kwa uchungu kwamba sijui kama yanafaa kitu. Sina methali ya kuwafariji.

Kiangazi kilipokaza, Koko Nasieku alijaribu kununua maji ya boza, lile lori la tangi, lakini ng'ombe si maua ya kumwagiliwa kwa ndoo. Watoto wake wakaja kutoka Nairobi, wakakubaliana na wajomba zao wa Mashuuru ng'ombe wahamie kwao, ambako malisho bado yapo na hakuna anayetaka kuwa jiji. Nilikuwepo asubuhi hiyo. Mwanawe mkubwa aliinama mlangoni akamwambia mama yake, "Yeyo, tunaenda sasa, kuja uwaone." Alijibu kwamba ana kazi. Hakuwa na kazi yoyote. Alikaa kitandani, mikono mapajani, na mimi nikakaa kando yake kwenye ngozi, tukasikiliza kengele za ng'ombe zikipita nje ya ukuta wa nyumba, zikishuka upande wa barabara, hadi zikachanganyika na magari na hatukuweza kuzitambua tena.

"Zimefika wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, Koko, sizisikii.